Panya Sita wa Maji Matupu

Haya yamemkuta shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia nimeota. Kazini walimwita Kinu, maana kazi yake ilikuwa kusaga. Kwenye ile maabara ya kupima dawa za miti, lete mzizi, lete gome, hata liwe gumu kama reli, Kinu anakutolea unga mwepesi, ukipiga chafya tu huna dawa tena. Miaka kumi na saba! Maprofesa walikuwa wanashindwa na mashine zao wanakuja kumpigia magoti. Shule hakuwa nayo, kama mimi tu, lakini mikono yake ilikuwa na digrii tatu.

Basi ilikuwa Jumatatu ya kawaida kabisa. Feni inakoroma, panya weupe wanatafuna kwenye vizimba vyao, na Daktari, yule mama mkuu wa maabara, anakunywa chai yake. Akaingia mama mmoja mchimba dawa na mzizi umefungwa kwenye gazeti. Nje mweusi. Ndani mwekundu kama nyama.

"Huu unafunga vidonda," akasema. "Kidonda cha miaka, siku moja."

Kinu masikio yakamsimama. Nyumbani dada yangu alikuwa na kidonda mguuni, mwaka wa pili hakisikii sindano wala vidonge, na hospitali walishampa siku. Ijumaa mguu unakatwa, juu ya goti.

"Ila sharti ni moja," yule mama akaendelea. "Usikate kidonda mbele ya dawa hii halafu ukakiacha bila kukipaka. Hata kimoja. Itakuja kuuliza."

Daktari alicheka mpaka chai ikampalia. "Itauliza kwa Kiswahili, mama yangu, au kwa lugha ya mizizi?"

Mchimba dawa hakucheka. Aliondoka kinyumenyume, macho kwenye ule mzizi, mpaka mlango ukajifunga.

Kinu akasaga. Wakaloweka kwenye spiriti, wakachuja, wakakausha mpaka ikabaki lami nyeusi ya kujaza vifuniko viwili vya soda. Mzizi mzima umekuwa hiyo tu. Alhamisi asubuhi wakatoa panya kumi na wawili. Kinu anashika, Daktari ananyoa mgongo, anapitisha wembe. Sita wakapakwa dawa. Sita wakapakwa maji matupu. Ndivyo wanavyofanya siku zote, maana bila wale wa maji huwezi kujua kama dawa ndiyo imeponya au kidonda kimejiponea chenyewe.

"Daktari," Kinu akanong'ona, "hawa sita nao tuwapake."

"Nikiwapaka wote nitalinganisha na nini, kaka yangu? Na wewe?"

Kufika saa sita mchana, wale wa dawa hawakuwa na hata mkwaruzo. Ngozi imeziba, manyoya yanachipua. Kinu akamwona mke wake akilini, anatembea. Kifuniko kimoja kilikuwa kimebaki mezani, na Daktari alikuwa ameinamia daftari. Kinu akakitia mfukoni.

Hapo feni ikasimama.

Wale sita wa maji wakaacha kutafuna. Wakageuka wote, pamoja, wakamtazama Daktari. Panya hawatazami hivyo.

Wa kwanza akapasuka. Kidonda kilifunguka chenyewe, kutoka shingoni mpaka mkiani, damu ikapiga dari. Na koti jeupe la Daktari likachanika mgongoni. Polepole. Kwa utaratibu, kama kuna mtu anakata kwa makini. Wembe ulikuwa mezani. Hakuna aliyeushika.

Daktari alipiga yowe ambalo mimi nilikuwa mtaa wa tatu nikalisikia.

Wa pili. Koti tena, na nyama chini ya koti. Akaanguka kifudifudi. Kucha zake zikakwaruza sakafu.

"Wapake!" akapiga kelele. "Kinu, wapake waliobaki! Dawa iko wapi?"

Kinu aliingiza mkono mfukoni. Dawa ya panya wanne ilikuwapo. Dawa ya mguu mmoja ilikuwapo. Ya vyote viwili haikuwapo.

Wa tatu. Mfupa ulionekana.

"Kaka yangu." Sasa alikuwa ananong'ona, damu puani. "Nina watoto."

"Na mimi nina mke, Daktari."

Akamruka. Akafungua mlango, akaurudisha nyuma yake. Kwenye korido akahesabu. Wa nne. Wa tano. Huko ndani meza ikapinduka, vioo vikalia. Wa sita.

Kinu akaenda moja kwa moja nyumbani, akampaka mke wake dawa yote.

Polisi walipima ile mikato mgongoni mwa marehemu. Sita, mirefu sawasawa, kama imepigiwa rula. Wembe walikuta una damu ya panya tu. Walimhoji Kinu siku nne, wakamwachia, maana hakuwa na tone la damu hata kwenye kiatu.

Na mguu? Ijumaa ile daktari wa upasuaji alifungua bandeji, akaifunga, akaifungua tena, kama mtu anayetafuta funguo. Hakuna kidonda. Mimi mwenyewe nilimbeba dada yangu begani kwa furaha, kilo tisini, kutoka hospitali mpaka nyumbani, sikutua hata mara moja.

Wiki iliyofuata, alama ikatokea chini ya goti lake. Vidole vitano, vyekundu, kama mtu amemshika kwa nguvu asitoroke. Haiumi. Haifutiki. Kinu akaweka mkono wake juu yake. Ukatoshea, kidole kwa kidole.

"Mume wangu," dada akamuuliza, "usingizini unanishika?"

"Sijakugusa, mke wangu. Naapa."

Kesho yake alama iko pajani. Halafu kiunoni. Halafu kifuani. Siku hizi Kinu analala amefungwa kamba mikono yote miwili, kwenye nguzo za kitanda, na anayefunga ni dada mwenyewe, mafundo matatu kila mkono.

Leo asubuhi nimepita kuwasalimia. Dada amejifunga mtandio shingoni, joto lote hili, na hataki kuufungua.