Majoho ya Kwaya na Mashine ya Mama Marlène

Kamwokya, mtaa wa Kampala, huamka mapema. Kabla jua halijapanda, muuza chapati ameshawasha jiko, redio ya jirani inahubiri, na Emérence yuko uani anapanga nguo chafu. Za rangi kando. Nyeupe kando. Soksi za mumewe, Mushagalusa, kando kabisa, peke yake, kama mgonjwa wa kuambukiza.

Emérence ni mtu wa Bukavu, Kongo. Alipofika Kampala na familia yake, alipata riziki kwa kufua nguo za watu. Alifua kwa mikono, kwenye beseni, mvua na jua, mpaka vidole vikapasuka. Halafu binti yake Marlène akapata kazi hotelini. Kwa mshahara wake alimnunulia mama mashine ya kufulia, ile yenye mlango wa kioo mbele. Siku ya kwanza familia nzima ilikaa mbele ya kioo kile na kutazama nguo zikizunguka. Mushagalusa alitazama hadi mwisho, ingawa leo anakana.

Sasa Marlène alikuwa anaolewa na kijana aitwaye Lawrence. Harusi ilikuwa Jumamosi, na kwaya ya kanisa lao ndiyo ingeimba. Emérence mwenyewe ni mwanakwaya, na tena ana sauti. Kwa hiyo majoho yote meupe ya kwaya yaliletwa kwake ayafue.

"Nani mwingine ayafue," alisema, "na mimi mama wa bibi harusi nipo?"

Alhamisi asubuhi akajaza mashine. Majoho yalikuwa mengi, akayasukuma kwa goti mpaka mlango ukafungika. Akachukua sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono, akatia kikombe kimoja. Akafikiri kidogo, akatia kingine. Kwa Emérence, nguo isiyotoa povu haijafuliwa, imelowa tu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na hajawahi kuona sababu ya kumbishia marehemu.

Mashine ikazunguka. Povu likajaa kioo chote, naye akafurahi. Muda si mrefu povu likatokea kwenye droo ya sabuni, likashuka, likatambaa sakafuni. Mashine ikanguruma, ikalia pii pii, ikanyamaza. Maji yalikuwa yamebaki ndani. Majoho ya kwaya yalilala humo majini, na harufu kama ya mtaro ikaanza kutoka.

Emérence akavuta mlango. Haukufunguka. Akasali kidogo, akavuta tena. Haukufunguka.

Mushagalusa akaja na kikombe cha chai mkononi.

"Mimi nilisema zamani," alianza. "Beseni halina umeme. Beseni halina mlango. Umewahi kuona beseni limekataa kukurudishia nguo zako?"

"Baba Marlène, leo usinianze na beseni."

"Basi nimpigie Marlène simu?"

"Thubutu."

Emérence alimjua binti yake. Marlène akisikia mashine imekufa, atachukua pesa za harusi yake na kununua nyingine siku hiyohiyo. Bibi harusi hapewi matatizo wiki ya harusi, anapewa chakula na usingizi. Lakini majoho je? Kwaya itaingia kanisani na nini, na mashuka?

"Ngoja nilete bisibisi," alisema Mushagalusa. "Nitaung'oa huo mlango."

"Ukiugusa mlango huo, mimi na wewe tutafungishwa ndoa upya na mchungaji, maana hii ya sasa itakuwa imekwisha."

Emérence akavaa kandambili zake na kuvuka uchochoro kwenda kwa jirani.

Jirani huyo anaitwa Abalo, lakini mtaani wote humwita Mama Okidi kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni mtu wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mke wa askari polisi. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya kufua mashuka katika hospitali moja, kwa mashine kubwa zenye milango ya kioo. Kiswahili chake alikipata kambini, na ni kifupi kama amri.

"Umeme umetoa?" aliuliza kabla Emérence hajamaliza habari.

"Bado."

"Toa kwanza. Maji na umeme hazikai nyumba moja."

Wakarudi pamoja. Abalo aliizima swichi ukutani, akachomoa plagi, akafunga bomba la maji. Aligusa kioo kwa kiganja.

"Iko baridi. Ingekuwa moto, tungengoja. Maji ya moto inachoma mtu."

Kisha akaona kitambaa. Juu ya mashine palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua, kilichoning'inia mbele mpaka kwenye kioo.

"Hii nini, Mama Marlène?"

"Kitambaa. Nilikifuma mwenyewe. Si unaona cha televisheni na cha viti? Kitu cha thamani hakiachwi uchi."

"Na mlango, ukimaliza kufua?"

"Naufunga kabisa. Vumbi la Kamwokya unalijua."

Abalo akacheka mpaka akashika ukuta.

"Pole, mama. Umeifunga mdomo, halafu umeivalisha sweta. Itapumua wapi? Ukimaliza kufua, ndani maji inabaki kidogo. Usipoiacha ikauke, inaoza. Ndiyo hiyo harufu."

Emérence alinyong'onyea. Kitambaa kile alikifuma jioni baada ya jioni, kwa mapenzi.

"Nami nilidhani naitunza," alisema.

"Unaipenda, hiyo naona. Sasa tuifundishe hiyo mapenzi kazi. Leta beseni fupi na matambara."

Chini ya mashine, upande wa kulia, palikuwa na kijimlango kidogo. Emérence alikuwa amekipangusa vumbi kila wiki bila kujiuliza kina kazi gani. Abalo akakifungua. Nyuma yake kulikuwa na kifuniko cha kuzungusha.

"Hapa ndipo chujio iko. Maji ikitoka, inapita hapa kwanza. Takataka inabaki. Chujio ikijaa, maji haina njia. Na maji ikiwa ndani, mlango hairuhusu mtu kufungua. Ni ulinzi, si ubishi. Wewe ndiye utafungua. Zungusha polepole. Ukifungua yote mara moja, tutaogelea."

Emérence akapiga magoti, akazungusha kidogo. Maji meusi yakatiririka kwenye beseni. Likajaa, akakaza kifuniko. Mushagalusa akaenda kumwaga. Wakafanya hivyo mara kadhaa mpaka maji yakakatika. Sasa Emérence akazungusha mpaka mwisho, akavuta. Chujio likatoka limevaa ute wa kijivu.

Ndani yake mlikuwa na pini tatu za kufungia maua ya kwaya, kifungo kimoja, na fungu zima la vijiti vya meno na maganda ya karanga.

Wanawake wawili wakageuka kumtazama Mushagalusa, ambaye hatoki nyumbani bila karanga mfukoni. Yeye akatazama dari.

"Karanga ni chakula cha kila mtu," alisema hatimaye.

"Hata cha mashine, kumbe," alisema Abalo.

Emérence alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kile kiliondoa nusu ya hofu yake. Akaosha chujio kwa mswaki wa zamani na maji safi. Abalo akamulika tundu kwa tochi ya simu kuona kama kuna kitu kimenasa ndani, akatoa uzi mmoja mrefu. Chujio likarudishwa na kukazwa vizuri.

"Jaribu mlango sasa."

Emérence akavuta. Mlango ukafunguka kwa urahisi, kana kwamba haukuwa na neno na mtu. Majoho yakatoka yote, mazima, ila yananuka na yana utelezi wa sabuni.

"Bado kufua," Abalo akaonya. "Kwanza mashine yenyewe. Weka kidole hapa."

Kuzunguka mlango kuna mpira laini wenye mkunjo. Emérence akaingiza kidole kwenye mkunjo, kikatoka na utando mweusi. Aibu ikamshika, yeye anayesifiwa usafi mtaa mzima.

"Usione aibu. Hata zetu za hospitali zilikuwa hivi, mpaka tukafundishwa."

Walipangusa mkunjo wote kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, juu na chini. Wakatazama kama mpira umechanika, haukuwa umechanika. Wakachomoa droo ya sabuni, wakaisugua. Kisha Abalo akarudisha umeme na maji, akachagua maji ya moto kabisa, akaiwasha mashine bila nguo hata moja.

"Bila nguo?" Emérence alishtuka. "Maji yote hayo bure?"

"Ukimaliza kupika, sufuria unaosha au huoshi?"

Wakati mashine ikijiosha, Emérence alikwenda dukani kwa Rukiah na kununua sabuni ya mashine, ile ya povu dogo. Rukiah mwenyewe alisema huwa haiulizwi sana, watu wanaiona haina nguvu.

Safari hii majoho yaligawanywa mafungu mawili. Abalo alimwonyesha kipimo: nguo zikiwa ndani, mkono uweze kupita juu yake. Wakatoa pini zote. Wakaingiza sabuni vijiko viwili tu.

Mashine ikaanza. Emérence akakaa mbele ya kioo. Akangoja povu. Povu halikuja. Akaangalia huku na huku, akanyoosha mkono taratibu kuelekea kopo la sabuni ya zamani. Abalo akamshika mkono.

"Mama Marlène."

"Kidogo tu. Cha kuonja."

"Sikia. Hapa hakuna mikono ya kusugua. Nguo inapanda juu, inaanguka, inagongana, uchafu unatoka. Povu ikiwa nyingi, nguo inateleza tu, haigongani. Na hiyo povu haiishi. Inabaki ndani, inakuwa ule ute uliouona. Sabuni nyingi imekuchafulia mashine. Amini macho yako, ngoja."

Emérence akangoja, ingawa kungoja kulimuuma. Fungu la kwanza lilipotoka, hakuliamini. Akachukua joho moja, akalichovya kwenye beseni la maji safi, akalikamua. Zamani maji yangekuwa meupe kama maziwa. Leo yalibaki maji. Akalinusa joho. Halikunuka mtaro, halikunuka hata sabuni. Lilinuka kitambaa safi tu. Akalianika juani, likang'aa.

"Mama yangu angeshangaa," alisema polepole.

"Mama yako alikuwa na beseni, na kwa beseni alikuwa sawa," alijibu Abalo. "Na neno moja la mwisho. Haya ya leo ni ya mimi na wewe. Lakini ukisikia harufu ya kuungua, au mashine ikikupiga shoti, au maji yakivuja kutoka tumboni mwake, usiguse. Toa umeme, ita fundi."

Tangu siku hiyo nyumba ile ina sheria mpya. Mifuko inakaguliwa kabla ya kufua, na mwenye karanga anajulikana. Nguo zikishatoka, mpira unapanguswa na mlango unaachwa wazi kidogo, na mlango wa chumba unafungwa ili watoto wa majirani wasiingie kucheza humo. Kila mwezi chujio linasafishwa na mashine inajiosha kwa maji ya moto. Kitambaa cha maua kimehamia kwenye meza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuziba ufa huu ni kazi ya dakika chache. Lakini nisikimbilie mbele, harusi inatusubiri.

Jumamosi kwaya iliingia kanisani kwa mwendo wa kucheza, majoho meupe, na watu wakasimama. Emérence aliimba akiwa safu ya mbele. Aliimba akimtazama binti yake, na hakukosa neno hata moja.

Kwenye karamu, keki ilipokatwa, Marlène alipiga magoti mbele ya mama yake kumlisha, kama desturi ilivyo. Badala ya kuinuka, akamnong'oneza.

"Mama, Baba aliniambia mashine imekufa. Nimekwisha zungumza na Lawrence. Zawadi zetu tutauza mbili, tukununulie nyingine."

Emérence alimtupia mumewe jicho, na mumewe akapata jambo la haraka la kuzungumza na mchungaji. Kisha Emérence akameza keki.

"Mwanangu, hakiuzwi kitu. Mashine ni nzima. Ilikuwa imesongwa tu, na aliyeisonga ni mimi na baba yako. Unayaona majoho yale? Yamefuliwa humo juzi."

Marlène akageuka kuitazama kwaya. Akaishika mikono ya mama yake, machozi yakimlengalenga.

"Mimi nilitaka tu mikono hii ipumzike."

"Imepumzika, mwanangu. Leo ina kazi moja, kupiga makofi. Hebu inuka, unakunja gauni."

Emérence akafuta midomo, akavuta joho lake likae sawa, akarudi mahali pake kati ya wenzake. Kisha akapiga makofi na kuanzisha wimbo, na kwaya nzima ikampokea.