Sweta la Nauli Nafuu

Kila asubuhi Frida wa darasa la saba husubiri basi dogo la Mzee Machage pamoja na wanafunzi wenzake watano. Shule yao iko Bomani, mjini Tarime, na kutoka kijijini kwao ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Jumatatu ile mtihani wa madarasa yote ulikuwa uanze saa mbili kamili. Basi lilifika saa moja kasorobo.

Konda Mseti alishuka, akaziba mlango kwa mkono.

"Leo mwanafunzi asiye na kitambulisho hapandi. Au alipe nauli ya mtu mzima."

Wanafunzi wakatazamana. Vitambulisho walikuwa wamepewa darasa la saba tu, na hapo wa darasa hilo alikuwa Frida peke yake. Nauli ya mtu mzima hakuna aliyekuwa nayo.

"Kaka, si unaona tuna sare?" aliuliza Heche wa darasa la tatu.

"Sare? Ijumaa nimebeba dada mzima, muuza mitumba, kajivika sweta lenu ili alipe ya mwanafunzi. Mimi si mjinga."

Frida alishtuka. Huyo alikuwa Lilian, dada yake, na sweta lile Frida ndiye aliyemwazima. Walivyocheka nyumbani siku ile, wakijiona wajanja!

"Wewe una kitambulisho, panda," Mseti alimwambia Frida, akikiona shingoni mwake.

Frida akaweka mguu mlangoni. Nyuma yake Heche alianza kulia. Abiria walinung'unika kwamba wanacheleweshwa. Frida aliogopa kwamba akisema ataachwa, na mtihani utampita. Lakini aliona aibu kubwa zaidi kuwaacha wenzake barabarani kwa kosa lake. Akashuka.

"Kaka Mseti, sweta lilikuwa langu. Nilimwazima dada. Hawa hawajui lolote, wapandishe. Niache mimi."

Mzee Machage, aliyekuwa akisikiliza yote kwenye usukani, akazima injini na kushuka.

"Wapandishe wote," alimwambia konda. Kisha akamgeukia Frida. "Na wewe panda. Ila nisikilize, mjukuu wangu. Nauli yenu ni ndogo ili hata mtoto wa maskini afike shule. Mtu mzima mwenye biashara yake akijifanya mwanafunzi, konda anaanza kumshuku kila mwenye sare. Mimi nimepoteza pesa ya maandazi. Heche nusura apoteze mtihani."

"Nisamehe, babu. Sitarudia."

"Usiniombe mimi. Mwombe Heche."

Frida alipanda, akaketi karibu na Heche, akamwomba msamaha.