Baiskeli ya Moteri na Jirani Asiyelalamika

Watu wa Gihundwe hawakuhitaji saa ya kuwaamsha. Kila asubuhi walisikia pa-pa-pa-pa kutoka upande wa Kamembe, mlio ukapita kando ya hospitali, ukapanda kilima, kisha ukazimika mbele ya duka la kwanza. Hapo walijua kwamba mikate imefika. Mletaji wake alikuwa Papa Kabera, na mlio ulikuwa wa baiskeli yake ya moteri.

Papa Kabera alizaliwa na kukulia Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi ulio mpakani. Baada ya mwaka 1994 alirudi Rwanda, nchi ya wazazi wake, akiwa na mke, binti mmoja na mikono yake miwili. Rafiki yake Akilimali, fundi kutoka Bukavu aliyekuwa na kibanda Kamembe, alimuuzia injini ndogo ya pampu ya maji, nao wakaifunga kwenye baiskeli. Kizuia sauti cha injini hiyo kilikuwa kimeliwa na kutu, basi wakaliacha bomba la moshi wazi.

"Kelele njo tangazo yangu," Papa Kabera alizoea kusema. "Mwaka muzima, hakuna jirani hata moja amelalamika."

Binti yake, Benitha, alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila alfajiri alichota maji, na kidumu kimoja alikipeleka kwa mjane aliyeishi nyumba ya pili, Nyiransabimana. Hakuna aliyemlazimisha. Mama yake alipolazwa hospitalini miezi minne, mjane huyo ndiye aliyempikia, akamfulia sare ya shule na kumfunika kwa blanketi lake la pekee. Benitha alimwita Nyogokuru, yaani bibi, na alimpenda kama bibi wa damu.

Jumamosi moja ya mwaka 1999, Benitha alichelewa kisimani. Alipofika kwa Nyogokuru, maharagwe yalikuwa yakichemka mekoni na bibi alikuwa akichambua mboga. Mara pa-pa-pa-pa ikasikika barabarani. Nyogokuru aliruka, akapiga teke chungu, akakimbilia migombani na kulala chini, mikono juu ya kichwa. Benitha alibaki ameshika kidumu, hajui la kufanya.

Mlio ulipopotea, bibi alirudi polepole. Mguu wake ulikuwa umeungua kwa mchuzi wa maharagwe.

"Nyogokuru, ni baiskeli ya Papa tu," Benitha alisema huku akimwagia mguu maji baridi.

"Najua, mwanangu. Kichwa kinajua. Miguu ndiyo haijui." Alikiinua chungu kilichopinduka. Mwaka ule kulikuwa na vita ng'ambo ya mto Rusizi, na siku nyingine milio ya bunduki ilivuka maji. Lakini bibi huyu alikuwa amesikia milio ya karibu zaidi, katika siku za mwaka 1994 zilizomwacha mjane. "Mwisho wa mwezi nitahamia Bugarama kwa mpwa wangu. Baba yako usimwambie. Anatafuta chakula chenu. Jirani haambiwi kwamba riziki yake inakusumbua."

Benitha alirudi nyumbani akilia. Nyogokuru ahame? Na ameambiwa asiseme. Basi akaamua kuimaliza kelele mwenyewe. Katika vilima vile, kifuniko cha kidumu kikipotea, watu hukunja jani la mgomba na kuziba mdomo wake. Maji hayamwagiki, hata ukikibeba kichwani. Benitha alifikiri kwamba kelele nayo itazibika hivyohivyo. Jumapili mchana, baba yake akiwa kwenye kwaya, alikunja majani makavu ya mgomba akayasukuma kwa kijiti ndani kabisa ya bomba la moshi.

Jumatatu kelele haikusikika, wala mikate haikufika kwa wakati. Injini ilikohoa mara mbili ikafa. Papa Kabera alisukuma baiskeli na mikate yake yote kilimani hadi shati likamganda mgongoni. Wanafunzi wengi walikwenda shule bila kifungua kinywa. Jioni alikuwa amekasirika kuliko Benitha alivyowahi kumwona.

"Akilimali ameniuzisha moteri ya kufa," alisema. "Kesho nitamwambia mbele ya bantu bote."

Kesho yake, baada ya shule, Benitha alimsaidia baba yake kusukuma baiskeli hadi Kamembe. Hakula kitu siku hiyo. Alitumaini kwamba baba yake angepoa njiani, lakini hasira yake ilizidi kupanda kila hatua.

"Weye ni muizi," Papa Kabera alimwambia Akilimali, na watu, pamoja na watoto wa fundi huyo, wakaanza kusogea kutazama. "Nilikuamini sababu tulikomea pamoja Bukavu, toka tuko batoto."

Akilimali aliweka chini spana yake. "Kaka Kabera, kama moteri ni mubaya, nitakurudishia feza yako yote. Lakini muizi, hapana. Usiniite vile mbele ya batoto bangu."

Benitha aliona macho ya Akilimali yamelowa. Akapita katikati yao.

"Papa, si yeye. Ni mimi niliziba bomba na majani."

Akilimali alichukua waya, akauingiza ndani ya bomba na kutoa majani yaliyoungua. Papa Kabera aliyatazama, kisha akamtazama binti yake. "Sababu gani?"

Benitha akaeleza yote: chungu, migomba, mguu ulioungua, Bugarama. Papa Kabera akakaa juu ya kreti la soda, akavua kofia. Hatimaye alisimama, akamshika Akilimali mikono yote miwili na kumwomba msamaha mbele ya watu walewale waliosikia tusi.

"Imekwisha," Akilimali alisema. "Sasa tutengeneze ile kitu. Benitha, sikia. Moshi inapaswa kupata njia. Ukiifungia, moteri inakosa pumuzi, inakufa. Sauti haifungiwe, inapunguzwa."

Siku nne walifanya kazi pamoja. Akilimali alikata kipande cha usukani wa baiskeli mbovu akakitoboa matundu mengi kwa kekee. Mama yake Benitha alitoa kopo kubwa la maziwa ya unga na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Benitha alizipanga nyuzi kuzunguka kipande kile, wakakifunika kwa kopo, wakakiunga kwenye bomba la injini na kuacha tundu nyuma la kutolea moshi. Chini ya injini waliweka vipande vya kandambili za tairi, chuma kisigongane na chuma. Kila walipomaliza waliwasha, wakasikiliza, wakafungua tena.

Jumapili Papa Kabera alimtuma Benitha atangulie kwa Nyogokuru na kumweleza kila kitu kwanza, ili asishtukizwe. Bibi alikuwa akikoroga maharagwe. Benitha alimshika mkono. Barabarani ikaja sauti ndogo, puf-puf-puf, kama uji unaochemka. Mkono wa bibi ulikaza hadi vidole vya Benitha vikauma. Kisha ukalegea. Miguu haikukimbia.

Papa Kabera aliingia uani, akapiga magoti.

"Maman, unisamehe. Ulichunga mutoto wangu kama wako, na mimi nilikuwa nakuogopesha kila asubui."

"Inuka, baba. Ni mimi niliyenyamaza."

Papa Kabera aliinuka, akamgeukia binti yake. "Benitha, ulikosa ulipofanya kwa kujificha, na mutu mwingine akatukanwa juu yako. Lakini ulisema ukweli wakati ilikuwa nguvu sana kuisema, na nakushukuru. Kosa yangu ni kubwa kushinda yako. Kule Bukavu tulikomea, jirani akichoka na kelele, anapiga makelele kushinda yako. Hapa mutu anameza maneno yake. Nilizania asiyelalamika hana shida. Asiyelalamika, umuulize. Maman, unalala namna gani?"

Nyogokuru alikuwa ameacha kukoroga.

"Miaka mitano," alisema, "na hakuna mtu aliyeniuliza nalalaje. Leo mmeniuliza. Asanteni. Sasa Bugarama nikafanye nini?"

Akapangusa macho kwa upindo wa kitenge, akamtuma Benitha amwite mama yake waje kula wote.