Babu wa Kwenye Ndoo

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alifungua kufuli, akaingia, akafunga komeo, kisha akachukua ndoo tupu. Jina la Chiriku alipewa kwa maneno yake mengi. Tangu baba yake afariki, jina lilibaki ila maneno yaliisha. Mama yake alifua na kupiga pasi kwenye duka la dobi mpaka jioni. Upepo ukigonga dirisha, moyo wa mtoto ulimwenda mbio.

Ndipo akamtunga babu. Aliingiza kichwa ndani ya ndoo, akakohoa, akanguruma: "Nani anamtisha mjukuu wangu? Atakiona cha moto!" Babu huyo alikuwa mkali, mvivu wa kuoga, tena mpenda chai kupita kiasi. Chiriku alimsimulia mambo ya darasani, na ndoo ikaitikia. Hofu ilipungua kidogo. Upweke haukupungua hata chembe.

Jirani yao, mama mmoja fundi cherehani aliyeishi peke yake, alizoea kubisha hodi.

"Chiriku, mwanangu, njoo tukae wote."

"Yuko na babu yake!" ilijibu ndoo.

"Ala! Shikamoo, mzee."

"Marahaba!"

Fundi alirudi kwenye cherehani yake. Hakuona adabu kumsumbua mzee wa watu wakati mwenye nyumba hayupo.

Siku moja Chiriku alikuwa akimchemshia babu chai. Sufuria iliteleza, maji ya moto yakammwagikia mguuni. Alipiga yowe. Cherehani ya jirani ikanyamaza.

"Hodi! Kuna nini humo?"

Chiriku alitazama mlango, kisha ndoo. Akisema kweli, itajulikana kwamba yeye, mtoto mdogo, amekuwa akipokea shikamoo za mtu wa rika la mama yake. Aibu ilimshika kuliko maumivu. Akaivuta ndoo.

"Salama tu," ndoo ilisema.

"Haya, mzee. Nakuacha. Shikamoo."

Marahaba haikutoka. Chiriku aliisukuma ndoo kando, akalia kwa sauti yake mwenyewe. "Usiniamkie, mama fundi! Hakuna mzee! Niko peke yangu, nimeungua!"

Alijikokota akafungua komeo. Fundi alimbeba hadi bombani, akaumwagia mguu maji baridi kwa muda mrefu, huku akimtuma jirani mwingine akamwite mama.

Mama alifika akihema, mikono ikinuka sabuni. Chiriku aliinamisha kichwa, akaeleza yote.

"Nisamehe, mama fundi. Shikamoo zako zote nimezila mimi."

Fundi alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Na mimi kule nilikuwa nakuonea wivu. Nilisema, heri yake, ana mtu wa kuzungumza naye."

Mama aliketi sakafuni, akamkumbatia binti yake. "Hata mimi nikipiga pasi huzungumza na baba yako. Namweleza kila kitu."

"Anakujibu?"

Mama alijifuta machozi. "Hapana, mwanangu. Hajibu. Kuwaza watu moyoni si kosa, na kuogopa si aibu. Lakini ukiogopa au ukiumia, sema kweli, uite kwa sauti yako. Ndiyo maana sisi tuliobaki tupo, tuitane tuitikiane."