Karatasi ya Vidole Gumba

Soko la Kakamega, Jumamosi moja mwaka wa 1964. Teresa Ayuma, gauni la manjano lenye kola nyeupe, viatu vimeshika matope, alikuwa akigombana na muuza vitambaa.

"Hizi si yadi mbili, mzee. Umenipunja."

"Unifundishe kazi wewe?"

Mwanamume mrefu mwenye vumbi la mbao nyusini akakichukua kitambaa, akakinyoosha kutoka puani hadi ncha ya vidole, mara moja, mara mbili. "Kimepungua kiganja kizima. Ongeza, baba."

Mzee akaongeza, akisonya.

"Umejuaje bila kipimo?" Ayuma akauliza.

"Mimi ni mpasua mbao, dada. Miaka kumi na mmoja kwenye msumeno."

"Unaitwa nani?"

"Sifuna. Lakini ukiita kwa upole, nitaitika jina lolote."

Ayuma alicheka mpaka akakaribia kuangusha kitambaa.

Jumatatu walikutana tena, na safari hii Sifuna hakuwa na utani. Ayuma ndiye mwalimu mpya aliyeletwa kwenye kiwanda cha mbao cha akina Sifuna kuwafundisha wafanyakazi kusoma, kuandika na hesabu, na Sifuna hakujua hata herufi moja.

Tusijifanye hatujui kwa nini. Mzungu aliyekijenga kiwanda kile alikuwa akisema Mwafrika mmoja anayesoma ni karani, wawili ni wachochezi. Bendera ya uhuru ilipopanda, Mzungu akaenda zake. Kiti chake akakikalia Bwana Phineas Shitanda, mwenzetu kabisa, akakikalia pamoja na tabia zake. Masomo aliyaweka saa kumi na moja jioni, baada ya kazi, watu wamechoka kama punda. Muda wa kiwanda haukuguswa hata dakika.

Siku ya kwanza Ayuma alipitisha karatasi: anayejua aandike jina, asiyejua atie kidole gumba. "Ili nijue nani apewe kitabu kipi," alisema. Wanaume ishirini na wawili walitia vidole.

Miezi miwili ikapita. Jumapili walitembea pamoja baada ya kanisa, Sifuna akisoma vibao vya maduka kwa sauti.

"Mwalimu wangu, hii herufi imepinda kama kiuno chako."

"Soma, acha kiuno changu!"

"Nasoma vyote viwili, kipenzi."

Kisha Ijumaa moja Shitanda akasimama uani na karatasi mkononi. "Oda za siku hizi zinakuja zimeandikwa. Wote waliotia kidole watoke kwenye mashine, wakabebe magogo. Mashine zitashikwa na wanaosoma."

Sifuna aliitambua karatasi. Aliutambua mwandiko wa Ayuma, aliutambua wino wa kidole chake. Baba yake alivalishwa kipande shingoni kwa nguvu, kile kitambulisho cha mkoloni chenye alama ya kidole. Yeye alitoa kidole kwa hiari, kwa sababu ya gauni la manjano.

Ayuma alipopata habari alipiga simu kutoka posta. Karani wa kiwanda, Cleophas, akapokea.

"Sifuna anasema hayuko."

"Amesema mwenyewe kwamba hayuko?"

"Ndiyo, mwalimu. Yuko hapa mlangoni anasema."

Jumatatu Ayuma alimfuata uani. Sifuna alikuwa na gogo begani, shati limechanika.

"Meneja aliniomba ile karatasi ili aagize vitabu," Ayuma akasema.

"Na ukampa."

"Nilimpa bila kuuliza. Kosa ni langu, silikani. Lakini usiniambie nilikuuza."

"Nikuambie nini? Asante?"

Ayuma aligeuka, akaelekea kwa Shitanda. Aliingia ofisini bila kubisha.

"Uliniajiri nifundishe au nichuje watu?"

"Hiki ni kiwanda, mwalimu, si shule."

"Basi hiyo oda yako ya mbao za madawati ni ya nini, kama si ya shule? Yule kijana uliyemweka kwenye msumeno wa Sifuna anasoma vizuri sana. Toka nje uone mbao zake!"

Shitanda alitoka. Kijana alikuwa amesoma vipimo barabara, kisha akapasua magogo yote kinyume cha nyuzi za mti. Mbao zilikuwa zimejipinda kama mikia ya ng'ombe.

"Sifuna!" Shitanda akaita. "Rudi kwenye mashine, haraka!"

Sifuna akashusha gogo, akalikalia. Wengine ishirini na mmoja wakakaa pia.

"Sirudi peke yangu. Turudi wote, na masomo yawe saa nne asubuhi, ndani ya muda wa kazi. Mikono yetu mnaitaka asubuhi, vichwa vyetu mnavitaka jioni vikiwa vimekufa?"

Walikaa mpaka adhuhuri. Shitanda akakubali, na asidhani yeyote ilikuwa huruma, ilikuwa oda. Wakubwa hawa hatujawahi kuwaona wakitoa kitu bila kubanwa.

Sifuna alimkuta Ayuma langoni, akamwambia taratibu, "Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

"Na mimi nilimwamini Shitanda upesi. Umeniumiza lakini, Sifuna. Hayuko, anasema mwenyewe!"

Sifuna akacheka kidogo, macho chini. "Nataka kumwandikia baba yako barua ya kukuposa. Cleophas amejitolea kuniandikia."

"Ukasemaje?"

"Nimemkatalia. Nitaandika mwenyewe, hata ikifika Krismasi."

"Sasa ni Agosti," Ayuma akasema, akimkung'uta vumbi la mbao kwenye nyusi. "Krismasi ni mbali mno. Lete daftari."