Nani Hapa Anaitwa Lilian?

"Mananasi yameiva," sauti ilisema kwenye simu.

"Yaende wapi?"

"Ruiru. Leo mchana. Na moja limeoza."

"Lipi?"

Simu ikakatika.

Kimeu alirudisha mkono wa simu mahali pake, akawasha sigara. Mjini Thika alijulikana kama muuzaji wa cherehani za Singer, Mkamba mcheshi mwenye tai ya rangi mbaya. Kamati ya siri peke yake ndiyo iliyojua kazi yake ya pili, nayo ilikuwa kuvusha watu.

Nanasi la leo lilikuwa msichana wa Kikuyu aitwaye Waceke.

Mwaka ulikuwa 1957 na Emajensi, ile hali ya hatari ya Waingereza, ilikuwa bado imeikalia nchi kifuani. Mkikuyu hakufika hata Nairobi bila kibali, sembuse kupanda ndege. Msafiri yeyote wa ng'ambo aliyetoka upande huu alipitia kizuizi cha Ruiru kwanza, karatasi zake zikaguliwe na kupigwa muhuri. Bila muhuri huo, uwanja wa ndege wa Eastleigh walimkamata.

Waceke alikuwa karani katika zahanati ya kambi moja ya wafungwa. Huko alimwona kaka yake akipigwa mpaka akakata roho, kisha akasikia daktari akitangaza kwamba ni nimonia. London palikuwa na mbunge aliyekubali kumsikiliza, lakini alitaka kulisikia jambo lenyewe kutoka kinywani mwake. Akinaswa Ruiru angerudishwa kambi ile ile, safari hii akiwa mfungwa, na Kimeu hakuwa na shaka angeugua nimonia hiyo hiyo.

Mbali na Kimeu na Kamati, watu watatu walijua juu ya safari. Waceke mwenyewe. Magdalene, mjane aliyemficha katika chumba chake cha landhi, nyumba za vibarua nyuma ya viwanda. Na Philip, dereva, kijana wa Kakamega aliyependa mizaha.

Mmoja wao alikuwa ameoza.

Kimeu hakumwamini hata mmoja. Alimkuta Magdalene akichochea makaa, akamnong'oneza kwamba msichana atasafiri kwa jina la Rosa. Alitoka nje, akamkuta Philip akitia maji kwenye rejeta ya gari lake la Morris, akamwambia jina ni Lilian. Halafu akamwita Waceke nyuma ya nyumba na kumpa pasi ya kweli. Humo jina lilikuwa Nelima, Mluhya, mwanafunzi wa uuguzi. Nelima mwenyewe alikuwa ameamua kuolewa, akaiachia Kamati pasi, na picha ya Waceke ikabandikwa humo.

"Usimwonyeshe mtu," alimwambia. "Haya, sema tena."

"Lala salama. Ninakwenda London."

"Vizuri. Sasa mimi ni mzungu, nina bunduki, na ninakuchukia. Unakwenda wapi?"

Waceke alirudi hatua moja.

"Rondon," alisema.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Akitulia, herufi L ilitoka safi. Akiogopa, ulimi ulirudi nyumbani kwao Kiambu mbio mbio. Na pale kizuizini alikaa Inspekta Hadley, aliyejifunzia Kiswahili chake Mombasa. Hadley hakuhangaika na picha wala mihuri. Alimwambia kila msafiri aseme "lala salama", akatega sikio.

"Nitaharibu, Bwana Kimeu," Waceke alisema. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

Kimeu aliitazama mikono ile kwa makini. Hofu ilikuwa ya kweli, au msichana alikuwa hodari kuliko yeye. Aliona haya kuwaza hivyo, lakini aliwaza.

Waliondoka Philip aliporudi kutoka kutia petroli mjini. Kimeu alipanda akiwa na bastola ya Beretta kwenye mkoba wa sampuli. Walipoyapita mashamba ya mkonge, aliinama kama mtu anayefunga kamba za kiatu, akaisukuma chini ya kiti cha dereva. Dereva akiwa msafi, angeichukua baadaye.

Philip alianza kutoa ushauri. Kulikuwa na meza mbili, alisema, ya Hadley na ya Sajini Ephantus. Ephantus alikuwa homugadi wa zamani, mgambo wa serikali, tena Mkikuyu, na angemnusa Mkikuyu mwenzake hata akiwa na mafua. Afadhali msichana aende kwa mzungu.

Ushauri ulikuwa wa busara. Yeyote angesema hivyo, na ndiyo maana haukumpendeza Kimeu. Yeye alishamsikia Ephantus akiita lori "rori" na mji wa Lari "Rari". Sikio la namna hiyo lingeipitisha "Rondon" bila kushtuka, na Kimeu aliweka matumaini yake yote hapo.

Akamwambia atazame barabara.

Kizuizi kilikuwa kabla ya daraja. Hema, mifuko ya mchanga, askari wenye bunduki za Sten. Ng'ambo ya mti wa kizuizi lilisimama gari la kwenda Eastleigh. Philip alibaki kwenye usukani. Waceke aliingia foleni ya Ephantus, Kimeu nyuma yake akiwa na mkoba wake.

Hadley alitoka hemani. Hakukaa mezani. Alitembea taratibu kando ya foleni, akimtazama kila mwanamke.

"Nani hapa anaitwa Lilian?"

Wanawake walitazamana.

Jina hilo Kimeu alimpa mtu mmoja tu. Kumbe Philip. Alikuwa amecheka mizaha ya yule kijana miezi mingi, na jambo hilo lilimuuma.

"Lilian?" Hadley alirudia, kisha akageuka kuangalia Morris. Philip alikuwa ameshafungua mlango. Alikuwa anakuja kuonyesha kwa kidole.

Hapakuwa na muda.

Kimeu alimsogelea askari wa karibu, akainamisha kichwa kama raia mwema.

"Afande, yule dereva ana bastola. Iko chini ya kiti."

Mwaka ule neno "bastola" halikuhitaji kurudiwa. Askari wawili walimwangusha Philip kifudifudi, wa tatu akapekua gari, akainua Beretta juu. Philip alilia kwamba yeye ni mtu wa Inspekta. Askari hawakumjua. Walimtupa ndani ya Land Rover, wakaondoka naye kuelekea kituoni kabla Hadley hajawafikia. Bila Philip asingemtambua Lilian, basi akarukia gari lake na kuwafuata, akitukana kwa Kiswahili safi cha pwani.

"Anayefuata," alisema Ephantus.

Waceke alisogea. Sajini aliikagua pasi kwa muda mrefu. Aliitazama picha, akamtazama msichana, akairudia picha.

"Unaenda wapi?"

Kimeu aliona mabega ya msichana yakikakamaa.

"Rondon," alisema Waceke.

Ephantus aliinua macho polepole.

"Rondon gani? Rondon ni kubwa."

"Ya... ya hospitari. Kusomea uuguzi."

Muhuri ulishuka. Kimeu alishusha pumzi. Sikio lilikuwa kiziwi kama alivyotegemea.

Lakini Ephantus hakuiachia pasi. Aliinama, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kikuyu, "Mwari wa maitu." Binti ya mama yangu. Hivyo ndivyo Mkikuyu anavyomwita dada yake.

Mtego. Akiitikia, amekwisha.

Waceke aliitazama pasi yake mkononi mwa sajini.

"Sielewi, bwana," alijibu.

Sajini alimtazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea.

"Vizuri," alisema. "Hivyo hivyo. Usielewe mpaka Rondon." Akamrudishia pasi. "Anayefuata."

Waceke alivuka. Hakugeuka nyuma, ingawa Kimeu alimwona akijifuta macho kwa kiganja kabla gari halijaondoka. Hadley angepiga simu Eastleigh bila shaka. Wangemtafuta Lilian.

Kimeu alionyesha kipande chake cha kitambulisho. Ephantus hakukifungua hata kidogo. Alimpungia mkono apite, naye Kimeu, aliyejiona amempima mtu huyu mpaka mwisho, akapita akijiuliza alimkosea wapi.

Mjini Ruiru aliingia duka la Mhindi, akaomba simu, akapiga duka la jirani ya landhi na Magdalene akaitwa.

"Mama Magdalene? Nanasi lililooza nimelitupa."

"Na lile zuri?"

"Limevuka. Funga nyumba, mama, nenda kwa dada yako leo hii. Na unisamehe. Nilikudanganya juu ya Rosa."

Magdalene alicheka taratibu upande wa pili, akakata simu.

Kabla ya jioni Philip angemtaja. Thika ingetafuta muuzaji mwingine wa cherehani. Kimeu alivua tai ile mbaya, akaiacha juu ya kaunta, akatoka kwa miguu kuelekea kijiji cha Mugutha.