Kitanda cha Mama wa Mwandishi

Asubuhi hiyo shuka lilikutwa limelowa tena, na kitanda chenyewe hakijawahi kulaliwa na mtu.

Kilikuwa cha maonyesho tu. Binti wa mwandishi alikinunua mwenyewe, akakiweka chumba cha mbele chenye dirisha, kwa sababu wageni waliokuja kuiona nyumba ya marehemu baba yake hawakuacha kuuliza: yule mama mpole wa kwenye riwaya alikuwa analala wapi? Hapa, aliwajibu. Baba alimuuguza hapa hapa, kwa mikono yake.

"Mkojo huu, wifi," mke wa kaka yake alinong'ona huku akilikunja shuka. "Na usiseme paka. Paka gani anakojoa ndoo nzima?"

"Fua. Wageni wako njiani."

"Mimi nafua. Wewe je?"

Wote wawili walikijua chumba cha nyuma, chenye komeo upande wa nje. Bibi, mama yule yule wa kwenye riwaya, alipopandwa na jini ndimo alimofungiwa mpaka akafa, ili kelele zake zisimvurugie mwandishi kazi.

Mganga waliyemwita, mama mfupi asiye na haraka, alinusa korido na hata mkoba wake hakuufungua.

"Jini huyu hafukuziki kwa ubani," alisema kwa sauti ya chini. "Mlimkana bibi aliyepandwa naye, ndiyo maana akabaki humo. Leo waambie wageni bibi yako alilala wapi. Ukisema, ataondoka. Ukimficha tena, sina dawa."

"Watamwonaje baba?"

"Hilo usiniulize mimi, mwanangu."

Wageni waliingia jua likiwa kali, wote walimu, wakitembea kwa kunyata. Mmoja aligusa mto kwa ncha ya kidole, akauliza kama ni kweli mama wa mwandishi alifia hapa. Binti alifumbua kinywa. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga tangu alfajiri, lakini picha ya baba ilikuwa ukutani, na walimu wale walikuwa wanamtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kuipata popote pengine, na wakati anasitasita harufu ya mkojo na nguo zilizovunda ikaanza kupita chini ya mlango wa nyuma, ikaja na korido mpaka miguuni pake, na nyuma ya harufu ukaja mlio wa kiganja kikipiga mbao, pole pole, bila hasira, kama cha mtu aliyezoea kutofunguliwa.

"Kuna mtu kule?" mwalimu aliuliza.

Uso wa binti uliwaka. Mganga alimtazama. Wifi yake alitazama sakafu.

"Hakuna mtu," alisema, kwa sauti ile ile laini, ya adabu, ambayo baba yake aliwajibia wageni wake enzi za bibi.

Kiganja kikatulia. Wageni wakapumua, mmoja akacheka kidogo. Ndipo nyuma ya mlango uliokomewa sauti ya kikongwe ikaitikia, kwa utiifu, kama mtoto anayerudia somo:

"Hakuna mtu."